Jina Langu Kwenye Kaunta Buku la Wapiga Kelele

Ijumaa iliyopita nilistaafu. Nina miaka kumi na saba, na neno hilo si langu, ni la Madam Kokugonza, Mkuu wa Shule yetu. Alitukusanya ofisini kwake sisi viranja wa kidato cha nne tunaoachia kazi ili tujiandae na mtihani, akasema, "Leo mnastaafu. Mstaafu mzuri haondoki na kazi yake kichwani. Nendeni mkaandike mlivyoifanya, wanaowafuata wasome." Kaka mkuu akauliza ziwe kurasa ngapi. Madam akasema zitakazotosha. Kiranja wa usafi ameandika nusu ukurasa, na yote ni kuhusu mafagio. Mimi huwa siongei sana, ndiyo maana ya kwangu imekuwa ndefu.

Neema, mdogo wangu, wewe ndiye uliyepokea kaunta buku baada yangu, kwa hiyo naandika kama nakuandikia wewe. Wengine wakisoma sawa.

Jinsi nilivyochaguliwa kuwa kiranja wa taaluma haina hadithi. Mwandiko wangu unasomeka kutoka dawati la mwisho, na nilikuwa mkimya. Walimu walidhani mtu mkimya atawanyamazisha wengine. Sijui kwa nini watu hudhani hivyo.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa vifaa vinne: boksi la chaki, kifutio kilichokatwa kwenye godoro bovu, rula ya mbao ya mita moja iliyolika pembeni, na kaunta buku nene la jalada jekundu. Kwenye jalada kuna mtu wa zamani aliandika kwa herufi kubwa WAPIGA KELELE. Aliyenikabidhi ni Dada Minza, sasa hivi yuko kwao Kisesa. Alinifundisha kazi yote kwa muda wa mapumziko ya chai, tumesimama kwenye kivuli cha maabara.

"Andika kwa peni," alisema. "Ukiandika kwa penseli watakuja kukulilia ufute, na wewe nakuona una huruma."

"Nikikosea mtu?"

"Hukosei. Anayeongea unamwona mdomo."

"Na akirudia?"

"Humwandiki upya, unamwekea alama mbele ya jina. Mara moja, mara mbili, hivyo hivyo. Ijumaa unaliweka mezani kwa Sir Bwire. Ukishaliweka, kazi yako imeisha. Usisubiri, usieleze. Sir hapendi maelezo."

Sir Bwire ndiye mwalimu wa nidhamu, na ndiye anayetufundisha Biolojia. Ni mtu mrefu, kwao Majita, anatembea polepole na mikono nyuma. Hajawahi kunifokea hata siku moja. Nasema hivi mapema kwa sababu mbele huko mtu anaweza kumwona vibaya, na mimi mwenyewe niliwahi kumwona vibaya, halafu sikuwa na uhakika tena.

Kazi ya pili ya kiranja wa taaluma wakati huo ilikuwa kuandika notsi. Mwalimu akiwa na shughuli anakupa daftari lake, unasimama ubaoni, unaandika, darasa linanakili. Ubao ukijaa unauliza "Nifute?" na watu wanajibu "Bado." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Kuna vipindi vya Biolojia ambavyo hilo "bado" lilikuwa neno pekee lililosemwa na darasa zima.

Nikiri jambo ambalo sijamwambia mtu. Kidato cha tatu mwanzoni, daftari la Sir lilikuwa limemwagikiwa chai, kurasa mbili zikagandana. Niliandika mstari wa mwisho wa ukurasa mmoja, nikaendelea na mstari wa kwanza wa ukurasa ambao haukufuata. Yaani sentensi ilianza kwenye ini ikaishia kwenye mizizi. Darasa zima lilinakili. Hakuna aliyeuliza. Kwenye tesiti swali moja lilitoka kwenye zile kurasa zilizogandana, na wote tukalikosa, na wote, kila mtu peke yake, tulidhani ni kwa sababu hatuna akili. Mimi niligundua nilipokuwa namrudishia Sir daftari, nikaziona zile kurasa zimevimba. Nikaliweka mezani nikaondoka. Usisubiri, usieleze.

Muhula uliofuata akaja Madam Kokugonza. Wiki ya kwanza hakubadilisha kitu. Alikuwa anaingia darasani anakaa dawati la nyuma, kama mwanafunzi aliyehamia. Siku moja alikaa hivyo kipindi kizima mimi nikiwa ubaoni. Mwishoni akasimama, akatutazama, akasema, "Poleni. Nani amefariki?"

Hatukujua kama tunaruhusiwa kucheka.

Wiki iliyofuata Sir Bwire alikuwa amekwenda Majita kwenye msiba wa baba yake mdogo. Madam akachukua vipindi vyake vya Biolojia. Akaamuru madawati yageuzwe, tukae sita sita tukitazamana, jambo ambalo lilikuwa na aibu yake, kwa sababu ulikuwa unajua visogo vya watu tu. Notsi akasema tutapewa kwa karatasi, hakuna kunakili ubaoni. Na dakika kumi na tano za mwisho wa kila kipindi ni za maswali.

"Swali likikujia kwa Kiswahili, uliza kwa Kiswahili," alisema. "Likikujia kwa Kisukuma, mwenzako akusaidie. Tukishalielewa ndiyo tutalivalisha Kiingereza."

Siku mbili hakuna aliyeuliza. Siku ya tatu akauliza Nyasatu.

Nyasatu nilikaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza. Alitoka Majita akaja kuishi na shangazi yake Igogo, anayeuza samaki mwaloni, pale ziwani mitumbwi inapoegeshwa. Mimi nina aibu, lakini Nyasatu alikuwa haongei kabisa, kiasi kwamba kidato cha pili shule ilimwita shangazi yake kuuliza kama mtoto ana tatizo. Sasa siku hiyo alisimama akasema, akiangalia dawati, "Madam, tumeambiwa mmea unatoa hewa safi. Gugu maji ni mmea. Mbona likijaa mwaloni samaki wanakufa kwa kukosa hewa?"

Madam aliweka chaki mezani. Halafu akasema, "Sijui."

Mkuu wa Shule. Hivi hivi, mbele ya watu. Kisha akanigeukia. "Kabula, wewe ndiye kiranja wa taaluma. Kuanzia leo andika nani ameuliza na ameuliza nini. Ijumaa walimu waone."

Nikasema ndiyo Madam. Kichwani nilikuwa na swali: niandike wapi? Sikuliuliza. Nilikuwa na kaunta buku moja, na hilo moja lilikuwa mkononi.

Nieleze vizuri hapa maana ndipo nilipokosea. Majina niliyaandika mbele, ukurasa unaofuata kama kawaida, kwa peni, na alama mbele ya jina kila mtu akiuliza tena. Maswali yenyewe nikayaandika kuanzia ukurasa wa mwisho nikirudi nyuma, kwa sababu yalikuwa marefu na yangeharibu mpangilio wa majina. Nilijiona nimefanya kazi safi. Baada ya lile swali la kwanza ilikuwa kama Nyasatu amefunguliwa mfuniko. Aliuliza kwa nini kuku hakojoi. Aliuliza kama mimea inapumua usiku na sisi tunapumua usiku, nani anamwachia mwenzake hewa. Wengine nao wakaanza. Hadi Ijumaa kulikuwa na majina kumi na moja, na juu yao wote Nyasatu, mara tisa.

Ijumaa mchana nikaliweka kaunta buku mezani kwa Sir Bwire, ambaye hakuwepo, nikaondoka.

Jumatatu Sir alikuwa amerudi, na Madam alikuwa ameitwa kwenye kikao halmashauri. Sir alisimama mbele ya paredi na kaunta buku letu chini ya kwapa. Alikuwa hajanyoa, macho mekundu ya matanga. Akafungua ukurasa wa mbele.

"Nimetoka wiki moja tu," alisema. "Wiki moja. Kidato cha tatu, majina kumi na moja." Akayasoma. Kila aliyeitwa alitoka mstarini akapiga magoti kwenye changarawe. Nyasatu alimwacha wa mwisho. "Huyu mara tisa. Binti aliyekuwa mtulivu kuliko wote. Mara tisa."

Adhabu ilikuwa kubeba mawe kutoka mlimani nyuma ya vyoo, wakati wa mapumziko, wiki nzima, kuzungushia bustani ya maua. Mawe kwetu hayajawahi kuwa ya kutafuta. Na Nyasatu, kwa sababu alama zake zilizidi tano, na hiyo ndiyo ilikuwa sheria, akapewa na barua ya kupeleka kwa mlezi.

Nilikuwa mstari wa mbele. Hatua kama nane kutoka kwa Sir. Neema, nataka nikwambie kwamba nilitaka kusema nikazuiwa, lakini hakuna aliyenizuia. Nilikuwa sielewi. Niliwaza labda Sir ameambiwa na Madam. Niliwaza labda yale maswali yalikuwa ya kutupima, tuonekane nani ana mdomo. Watu wazima huwa wanapima. Na ile barua nilipoiona baadaye ilikuwa na muhuri wa Mkuu wa Shule, muhuri ule ule uliokuwa kwenye tangazo alilobandika Madam la dakika kumi na tano za maswali. Karatasi moja inasema ongea, nyingine inasema umeongea, na zote mbili zina muhuri mmoja.

Darasa halikuwa na mashaka kama mimi. "Aliyekwambia uongee ndiye aliyekuandika," alisema mmoja, na wakakubaliana kwamba Madam ametega na mimi ndiye jicho lake. Nikaitwa Kamera. Nikipita mtu anasema "Kaeni vizuri, mnarekodiwa." Nyasatu ndiye aliyeendelea kunisalimia kama kawaida, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Jumatano Madam akarudi. Akaingia kipindi cha Biolojia, akakaa nyuma. Sir alifundisha, dakika kumi na tano zikafika, akasema kwa upole kabisa, "Haya, maswali." Kimya. Feni ya dari ilikuwa imeharibika, kwa hiyo hata feni haikusikika.

"Nani amefariki?" Madam aliuliza, na safari hii hakuwa anatania.

Mwisho wa kipindi aliniita mlangoni. "Kabula, kuna nini?"

"Sijui, Madam."

Ilikuwa kweli. Pia haikuwa kweli.

Akanitazama kidogo, kisha akarudi akaliambia darasa: "Ijumaa nitakuja. Kila mmoja aje na swali. Asiyeuliza nitamwita mzazi wake, tukae tuzungumze."

Alhamisi wakati wa mapumziko nilimfuata Nyasatu kule mlimani. Alikuwa anachagua mawe ya saizi moja, kana kwamba ni kazi yake ya kuajiriwa. Nikachukua jiwe moja na mimi.

"Weka chini," alisema. "Wewe huna adhabu."

"Nyasatu, nisamehe. Sikujua atasoma vile."

"Najua."

"Ijumaa utauliza?"

Aliweka jiwe lake juu ya jingine. "Shangazi amesema barua ya pili ikija, narudi Majita nikaanike dagaa. Hataki kusikia barua ya nini. Sasa nikiuliza, unaniandika, barua inakuja. Nisipouliza, Madam anamwita shangazi. Wewe una akili ya darasani, niambie nifanye nini."

Nilisema, "Dada Minza aliniambia nisieleze."

"Ulikuwa na peni mkononi," alisema Nyasatu. Hakusema kwa hasira. "Wiki nzima ulikuwa na peni mkononi. Wewe mbona haumo humo ndani?"

Akainua mawe mawili akashuka nayo.

Nilirudi nyumbani na swali hilo. Baba anafanya kazi kiwandani Nyakato, nikamuuliza wakati wa chakula, kazini kwao mtu akipewa amri mbili zinazogongana anafuata ipi. Akasema anafuata ya aliye karibu. "Na ukiuliza uliza sana," akasema, "wanakuhamishia getini." Mama akamwambia asimtishe mtoto. Sikulala vizuri.

Ijumaa Sir alikuwa mbele, Madam nyuma. Nilifungua kaunta buku kwenye ukurasa mpya na kabla ya kitu kingine nikaandika jina langu. Kabula. Nikaweka alama moja. Kwa peni. Nilipoona imeshaandikwa nikaona sasa lazima nisimame, kwa sababu nisiposimama nitakuwa nimeandika uongo.

Nikasimama. Dakika za maswali zilikuwa hazijafika. Sir alikuwa katikati ya mchoro wa figo.

"Kabula?"

Nilikuwa nimejiandalia sentensi ndefu ya Kiingereza, ikapotea yote. Nikasema, "Sir. Madam aliniambia niandike wanaouliza maswali. Mimi nikawaandika humu kwenye la wapiga kelele. Sasa nauliza, niendelee kuwaandika humu humu?"

Sir alibaki na chaki hewani.

"Lete," alisema Madam kutoka nyuma.

Nilitembea katikati ya madawati. Akafungua mbele, akaona majina, akaona mara tisa. "Na maswali yenyewe yako wapi?"

"Nyuma, Madam. Kwa sababu ya mpangilio."

Akageuza kaunta buku, akaanza kusoma kutoka mwisho. Alisoma muda mrefu. Kisha akainuka, akampelekea Sir Bwire. Sir naye akasoma, midomo ikitikisika. Alipofika kwenye kuku nilidhani atatabasamu, hakutabasamu.

"Hizi ndizo zilikuwa kelele?" aliniuliza.

"Ndiyo, Sir."

"Mimi nilimwambia aandike," alisema Madam. "Sikumwambia wapi. Wala sikukuachia ujumbe, mwalimu, ulipokuwa msibani."

"Na mimi sikugeuza kitabu," alisema Sir.

Wakatazamana pale mbele yetu. Nadhani walikuwa wamesahau kwamba tupo. Kisha Sir akamgeukia Nyasatu. Akasema, "Wale wa mawe, adhabu imekwisha." Akarudi kwenye figo. Yaani alimalizia mchoro. Mpaka leo sijui kama hiyo ilikuwa njia yake ya kuomba radhi au alikuwa hajui pa kuweka mikono.

Lakini barua ilikuwa imeshafika Igogo. Madam alitaka kuandika nyingine ya kuifuta. Nyasatu, kwa sauti ndogo, akasema barua ya pili ni barua ya pili. Basi Jumamosi asubuhi, wenzetu wakiwa shuleni kwenye masomo ya ziada, Sir Bwire akaenda mwenyewe mwaloni, na akaniambia nifuatane naye, nilibebe kaunta buku.

Shangazi yake Nyasatu tulimkuta akipanga sangara wakavu kwenye tenga. Mimi nikasema shikamoo mama, akasema marahaba bila kuinua kichwa. Yeye na Sir wakasalimiana Kijita, salamu ndefu, nikasikia na habari za msiba humo ndani. Kisha akahamia Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie.

"Mwalimu, mwaka jana mliniita. Nikaacha samaki wangu nikaja, nikakaa kwenye benchi lenu. Mkasema mtoto haongei, nimpeleke hospitali. Mwaka huu mmeniandikia, mtoto anaongea mno. Sasa niambie wewe uliyesoma, nimpeleke wapi?"

Sir aliangalia viatu vyake, ambavyo vilikuwa vimeshaloana. "Usimpeleke popote, mama. Barua niliandika mimi, na nilikosea. Nimekuja kuichukua."

"Barua nimefungia chumvi."

"Sawa."

"Aliongea nini hasa, hata mkampigisha magoti?"

Sir akanitazama. Nikafungua nyuma, nikasoma lile la gugu maji. Sauti yangu ilikuwa inapotea kwa sababu ya watu na injini, akaniambia nirudie, nikarudia.

Shangazi akaacha samaki. "Hilo tu? Hilo si kila mtu hapa anajua? Gugu maji limelala juu kama mkeka. Jua halishuki. Chini kunaoza, kunanuka. Ukitega pale hupati sato, unapata kamongo na kambale, kwa sababu hao wanapanda juu kuvuta hewa." Akamwangalia Sir. "Na mwalimu wake hakujua?"

"Mwalimu wake hakuulizwa," alisema Sir. Kisha akaongeza, "Na angeulizwa, angesema halipo kwenye silabasi."

Akaniomba kaunta buku na peni. Akaandika akiwa amesimama, ameliegemeza kwenye tenga la samaki, akirudia kwa sauti: jua halishuki, kunaoza, kamongo. Mpaka leo ukurasa huo unanuka. Kabla hatujaondoka shangazi akasema, "Mwambieni Nyasatu akirudi leo apitie chumvi nyingine." Nilimwuliza Sir njiani hiyo inamaanisha nini. Akasema inamaanisha anabaki.

Ningependa kuishia hapo, lakini mambo hayakuishia hapo. Nyasatu alibaki shuleni, ila hakuuliza. Wiki zikapita. Alikuwa anasikiliza, anaandika, anafunga mdomo. Madam hakumlazimisha, na ile habari ya kumwita mzazi aliifuta mbele ya paredi nzima, akisema alikuwa amejaribu kuwatisha watu ili waache kuogopa.

Sir Bwire ndiye aliyeleta ndoo mbili. Moja akaijaza gugu maji alilopewa na shangazi, nyingine maji matupu, na kila moja akatia samaki wadogo. Akasema tutaona kwa macho. Tuliona. Wa ndoo isiyo na gugu maji ndio waliotangulia kufa. Sir aliinama juu ya ndoo muda mrefu. Darasa zima tulikuwa nje, tumeizunguka, na mtu yeyote angesema tunapiga kelele.

"Sijui," alisema Sir. Lilimtoka kwa shida, kama mtu anayeng'oa jino lake mwenyewe.

Nyuma yangu nikasikia, "Sir, hii ndoo haikuwa juani?"

Ilikuwa kweli. Ndoo ya gugu maji ilikuwa kivulini mwa maabara, ile ya maji matupu juani tangu asubuhi. Sir aliigeukia sauti hiyo. "Nyasatu," alisema, "beba ndoo." Wakaibeba wote wawili, wakaanza upya. Nikafungua kaunta buku nikaweka alama, na kwa haraka peni ikateleza, ndiyo maana inaonekana kama mara mbili. Ni mara moja. Usije ukamhesabia zaidi.

Mambo ya kazi, basi. Andika kwa peni, Dada Minza alikuwa sahihi. Maswali yaandike mbele, majina yafuate. Jina la kwanza kila ukurasa liwe la kwako, na swali lako. Ukiona aibu kuliandika, ya wenzako pia usiandike. Sir alitaka tubandike karatasi kwenye jalada kuficha yale maneno, gundi ikawa imeisha, baadaye tukasahau. Kifutio kioshe Ijumaa.

Yapo nisiyoyajua bado. Baba alikagua madaftari yangu, akauliza notsi ziko wapi. Nikamwonyesha karatasi na maswali, akavipindua vile na hivi, akasema, "Hii ni shule au ni kikao?" Kuna mwalimu mmoja amerudisha madawati yake yalivyokuwa, na tesiti zake hatufanyi vibaya. Siwezi kusema nina uhakika. Kuna siku nakumbuka ile "Nifute?" "Bado" na naona angalau ilikuwa na utulivu.

Kwa hiyo Ijumaa, kabla ya kukukabidhi, nilifungua ukurasa mpya pale ofisini, nikaandika jina langu na alama moja, na chini yake: Sisi tumejifunza kuuliza, na mtihani unataka tujibu. Tukifeli, nani ataandikwa?

Madam alinyoosha mkono, nikampa. Alisoma. Nilidhani atanijibu, kwa sababu ndiyo kazi yake, na nilikuwa ninalihitaji jibu hilo kweli. Akachukua peni yangu. Akaandika kitu kifupi, akafunga, akakukabidhi wewe.

Jioni ile uliponionyesha ndipo nilipoona. Hakuandika jibu. Chini ya swali langu aliandika jina lake: Kokugonza, mara moja.